Kifaranga huanza siku moja kabla ya yai kutagwa

Mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji hapa Karurumo ameliona jambo hili mara nyingi, na huenda hajawahi kuliuliza. Kuku anataga yai leo, kesho anataga lingine, keshokutwa anapumzika, kisha anaendelea hadi kiota kinapokuwa na mayai kumi na mawili au kumi na manne. Hapo ndipo anapoketi kuyalalia. Yai la kwanza kwa wakati huo lina zaidi ya wiki mbili, la mwisho lina saa chache tu. Hata hivyo siku ya 21 inapofika, vifaranga hutoka karibu wakati mmoja, wote wakiwa na umri sawa, tayari kumfuata mama yao shambani.

Yai la kwanza lilikuwa likifanya nini muda huo wote?

Jibu limo katika namna seli za mwanzo za ndege zinavyogawanyika, na katika uwezo wake wa kusimama njiani na kungoja. Ni jibu la sayansi, lakini lina shilingi ndani yake. Mashine za kuangulia mayai zimeenea vijijini, kuanzia zile za umeme zinazobeba mamia ya mayai hadi masanduku ya mbao yanayopashwa joto kwa taa ya mafuta. Pamoja na mashine yamekuja mabishano. Tuseme mama mmoja amenunua trei ya mayai 30 ya kuangulia kwa shilingi 30 kila yai, akalipa mwenye mashine shilingi 10 kwa kila yai. Ametumia shilingi 1,200. Akitarajia vifaranga 24 akapata tisa, atataka kujua nani amemla. (Bei hizi ni za mfano, kila soko lina zake.) Mwenye mashine atasema mayai yalikuwa mabovu. Aliyeuza mayai atasema mashine ndiyo mbovu. Mara nyingi hakuna kati yao anayedanganya kwa makusudi, kwa kuwa yai linaweza kuharibika katika siku ambazo hakuna anayezihesabu: kati ya kiota na mashine.

Doa unaloweza kuliona jikoni

Vunja yai bichi polepole kwenye sahani. Juu ya kiini cha manjano utaona doa dogo jeupe. Hata ukikigeuza kiini kwa upole, upande wenye doa huelekea kurudi juu kwa kuwa ndio mwepesi zaidi. Kifaranga chote hutokana na doa hilo. Kiini cha manjano ni chakula chake, na ute mweupe ni maji yake, protini yake na kinga yake dhidi ya vijidudu. Wengi huamini kwamba ule uzi mweupe mzito ulioshikamana na kiini ndio mwanzo wa kifaranga. Sivyo. Uzi huo ni kamba tu inayokishikilia kiini katikati ya yai kisiyumbe.

Yai ambalo halikurutubishwa na jogoo nalo lina doa, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Lakini doa la yai tasa ni dogo, jeupe zito, na kingo zake hazina mpangilio. Doa la yai lililorutubishwa ni kubwa zaidi, upana wa milimita nne hivi, na lina umbo la pete: ukingo mweupe unaozunguka sehemu ya katikati iliyo angavu kidogo. Ukiwa na kundi la kuku na unataka kuuza mayai ya kuangulia, vunja mayai matano au sita ya kukaanga asubuhi moja na uyakague kabla ya kuweka mafuta. Ukikosa pete katika mengi, tatizo lako liko kwa jogoo, na hakuna mashine duniani itakayolitatua.

Kwa wanaoogopa kwamba wakila yai lenye pete wamekula kifaranga: yai lililorutubishwa likiwa bichi na halijapata joto halina mfupa, damu wala moyo. Ni chakula salama kama lile la kuku wa gredi anayefugwa bila jogoo.

Safari ya siku moja ndani ya kuku

Kiini hukomaa ndani ya kuku kikiwa kimejaa akiba, kisha huachiliwa na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, ulio mpana kama faneli. Hapo ndipo mbegu za jogoo hulikuta yai, katika dakika kumi na tano hivi za kwanza, kabla ute haujalifunika. Si lazima jogoo awe amempanda kuku siku hiyo. Kuku ana vijifuko vidogo katika mrija wake vinavyohifadhi mbegu hai kwa wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Ndiyo sababu mfugaji aliyenunua jogoo wa aina iliyoboreshwa, mathalani ya wale waliozalishwa na shirika la utafiti la KALRO kule Naivasha, anafaa kumwondoa jogoo wa zamani na kusubiri kama wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuangulia. Akikusanya mapema, sehemu ya vifaranga watakuwa wa jogoo aliyekwisha kuchinjwa.

Kwa binadamu mbegu moja ikiingia, mlango hufungwa. Kwa ndege huingia kadhaa. Ni moja tu inayoungana na nyuklia ya mama, nyingine hupotea pembeni. Na kwa kuku, mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto: mbegu zote za jogoo hubeba kromosomu ya jinsia ya aina moja, ilhali yai la kuku huweza kubeba ya aina mbili. Kwa hivyo ukipata majogoo wanane na tetea wawili usimlaumu jogoo. Na anayekuuzia mayai akidai kwamba ya mviringo ni ya tetea na yaliyochongoka ni ya jogoo, mlipe bei ya yai la kawaida.

Baada ya mdomo wa mrija, yai hupita sehemu inayolivisha ute kwa muda wa saa tatu hivi, kisha sehemu nyembamba inayolivisha ngozi mbili za ndani ya ganda, ambako hukaa saa moja na kidogo. Mwisho huingia katika mfuko unaotengeneza ganda na kukaa humo saa zipatazo ishirini. Safari nzima huchukua saa 25 hivi, na wakati wote huo yai limo katika mwili wenye joto la nyuzi 41 za Selsiasi. Hakuna mashine iliyo na joto kama hilo.

Namna seli zinavyokatwa

Karibu saa tano baada ya kiini kuachiliwa, yai likiwa katika ile sehemu nyembamba, doa hukatwa kwa mara ya kwanza. Kwa nini tuseme hukatwa na si hugawanyika? Kwa sababu mgawanyiko wa yai la ndege ni wa namna yake. Yai la chura hugawanyika lote, nusu kwa nusu, kama chungwa. La binadamu vilevile. Yai la kuku haliwezi, kwa kuwa kiini chake ni kikubwa mno na kimejaa mafuta. Basi mgawanyiko hubaki katika lile doa la juu peke yake, na kiini hakiguswi.

Fikiria chapati iliyowekwa juu ya sufuria iliyojaa githeri. Mtu anaikata chapati vipande kwa kisu, lakini kisu hakifiki kwenye githeri. Mkato wa kwanza hupita katikati ya doa. Wa pili hufuata baada ya muda mfupi, ukiukata ule wa kwanza kama msalaba, na sasa kuna seli nne. Mkato wa tatu huelekea kwenda sambamba na wa kwanza, ziwe nane. Wa nne hubadilisha mtindo: huzunguka kama pete na kuzitenga seli za katikati na zile za pembeni. Baada ya hapo mpangilio unavurugika na seli hujigawa kila moja kwa wakati wake.

Kuna jambo la ajabu katika seli hizi za kwanza. Zina kuta za ubavuni lakini hazina sakafu. Chini bado zimeungana na kiini, kama vyumba vya mstari mmoja vilivyojengwa kabla ya kumwagiwa saruji chini. Sakafu huja baadaye, ikianzia katikati kuelekea ukingoni, na seli za ukingoni ndizo hukawia zaidi kukatika kutoka kwa kiini. Kisha seli hujigawa pia kwa kwenda chini, hadi doa linakuwa na tabaka tano au sita za seli. Yai likiwa bado ndani ya mfuko wa ganda, seli za katikati huanza kudondoka kwenye nafasi yenye majimaji iliyo chini yao, na tabaka hupungua unene. Sehemu hiyo ya katikati ndiyo ile angavu ya pete uliyoiona kwenye sahani. Mwili wa kifaranga utajengwa hapo. Ule ukingo mweupe, ambao bado umelala juu ya kiini, kazi yake kubwa itakuwa kusambaa na kuleta chakula.

Katika mikato hii ya mwanzo doa haliongezeki sana ukubwa. Seli huzidi kuwa nyingi na kuzidi kuwa ndogo, kama unga uleule uliogawanywa katika vitonge vingi zaidi. Zinatumia akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai kabla ya kuliachilia. Hapa ndipo chakula cha kuku mzazi kinapoingia. Kuku anayeishi kwa kuokota mahindi peke yake hutaga mayai yanayoonekana mazuri kwa nje, lakini yakiwa na upungufu wa vitamini kama vile riboflavini, viinitete vitaanza vizuri na kufa njiani. Majani mabichi, mabaki ya omena na lishe ya madini kwa kuku wazazi ni sehemu ya gharama ya kuangua, hata kama hukuiandika katika hesabu.

Yai linapotagwa, doa hilo lina seli kati ya 40,000 na 60,000 kwa makadirio ya vitabu. Kutoka seli moja hadi hapo ni kujigawa mara mbilimbili kama mizunguko kumi na mitano au kumi na sita, ndani ya saa ishirini hivi. Ulinganishe na kiinitete cha binadamu, ambacho huchukua karibu siku nzima kujigawa mara ya kwanza, na siku ya tano kina seli mia moja au mia mbili. Mwaka wa 1976 watafiti wawili, Hefzibah Eyal-Giladi na Shulamit Kochav, walizigawa hatua hizi za mwanzo na kuzipa nambari za Kirumi kuanzia I hadi XIV. Yai la kuku la kawaida hutagwa likiwa katika hatua ya X. Kwa maneno mengine, yai lenye ujoto unaloliokota kwenye kiota asubuhi limeshapita hatua tisa.

Usingizi

Yai likishatoka, hupoa. Joto likishuka, seli hujigawa polepole zaidi, na likifika chini ya nyuzi 20 au 21 hivi za Selsiasi, husimama. Hazijafa, zimelala. Wanasayansi hukiita kiwango hicho sifuri ya uhai wa yai, na ndicho kinachojibu swali letu la mwanzo. Yai la Jumatatu hulala, la Jumanne hulala, na yale ya wiki inayofuata pia hulala, yote yakiwa yamesimama karibu na hatua moja. Kuku akiketi kwa dhati, yote hupata joto kwa pamoja na kuamka kwa pamoja. Si kila ndege anangoja hivyo. Bundi huanza kulalia yai la kwanza lilipotagwa, na ndiyo maana kiota chake huwa na makinda wakubwa na wadogo wanaogombania chakula.

Ni kama mbegu ya maharagwe ghalani, isipokuwa maharagwe hungoja hadi msimu ujao na yai haliwezi. Kwa kawaida yai hungoja siku saba bila hasara kubwa. Baada ya hapo kila siku inayopita hupunguza idadi ya vifaranga, kwa sababu seli hufa moja moja katika usingizi na ute hupoteza nguvu yake. Mayai yakishafika wiki mbili, mengi yatakataa kuamka, na yatakayoamka yatachelewa kutoka. Kuku mwenyewe hufaulu kuyaweka kwa siku nyingi kuliko sisi kwa sababu, kila anaporudi kutaga, huyaketia yale ya zamani kwa muda mfupi na kuyapasha joto kidogo, kisha huondoka. Wataalamu wa mashambani makubwa ya kuku siku hizi huiga ujanja huo kwa mitambo. Mfugaji mdogo asijaribu kwa kubahatisha. Afadhali apeleke mayai mapema.

Hatari iliyo katikati

Kuna usingizi wa chini ya nyuzi 20, na kuna joto la kuangua la nyuzi 37.5 hivi. Kati ya hapo ni mahali pabaya. Yai lililokaa katika nyuzi 28 au 30 halilali wala haliamki sawasawa. Baadhi ya seli hujigawa, nyingine husita, na kiinitete hukua bila mpangilio hadi kikafa, au kudhoofika kisiweze kumaliza siku 21.

Jambo hili liliwahi kumpotosha mtu mashuhuri. Mwaka wa 1672, daktari Mwitalia Marcello Malpighi wa Bologna aliipelekea Royal Society ya London michoro ya kifaranga kinavyoundwa ndani ya yai, mizuri mno kwa zama zile za hadubini changa. Katika mayai ambayo yeye alisema hayajalaliwa na kuku, aliona tayari umbo la kiinitete. Wengi waliosoma kazi yake walichukua hilo kuwa ushahidi kwamba mnyama huwa ameumbwa tangu mwanzo na kinachofuata ni kukua tu. Lakini mayai yale aliyachunguza mwezi wa Agosti, wakati wa joto kali la kiangazi cha Italia. Hayakulaliwa na kuku, ila yalilaliwa na hali ya hewa.

Mwezi wa Februari, chini ya bati lisilo na dari, hali ya hewa ya kwetu inaweza kufanya vivyo hivyo. Trei iliyowekwa juu ya kabati chini ya mabati, kapu lililo kando ya meko, sanduku lililoachwa kwenye gari juani wakati mwenyewe anakunywa chai: yote hayo huyaamsha mayai nusu. Kadiri unavyoteremka kuelekea Ishiara na sehemu za Mbeere, ndivyo tahadhari hii inavyozidi kuwa muhimu. Watu wa upande wa juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, wana nafuu kwa hili, ingawa nao Julai wana baridi ya kuwasumbua kwa mambo mengine.

Jokofu la jikoni nalo si suluhisho. Nyuzi nne ni baridi mno, na mayai yaliyokaa humo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuanguliwa. Mayai ya kuangulia hupenda nyuzi 15 hadi 18. Nyumbani, mahali palipo karibu zaidi na hapo ni sakafuni, katika chumba chenye kivuli upande usiopigwa na jua la mchana, ndani ya kapu au trei, ncha nyembamba ikiwa chini. Nguo iliyolowa ikining'inizwa karibu, bila kuyagusa mayai, husaidia kupoza hewa na kuzuia ganda lisikauke. Sanduku la mkaa uliorowekwa maji, lile ambalo baadhi ya wakulima hulitumia kuhifadhi mboga, linafaa pia.

Usiyaoshe. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na juu yake kuna utando mwembamba unaovilinda. Maji huondoa utando huo na kufungulia vijidudu njia. Yai lenye kinyesi kingi lile, usilipeleke kwenye mashine.

Halafu kuna bodaboda. Yai linaloruka ruka kwenye trei kutoka sokoni hadi nyumbani hupata misukosuko inayoweza kulegeza kile kijifuko cha hewa kilicho upande mpana na kukata zile kamba zinazoshikilia kiini. Weka majani makavu au karatasi chini na katikati ya trei, safiri asubuhi kabla ya jua, na mayai yakifika yaache yatulie kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuyaingiza kwenye mashine. Wengi huharakisha hapa, kwa kuwa mwenye mashine anataka kufunga mlango leo.

Yakishaamka

Joto likifika, seli huanza tena zilipoachia. Katika siku ya kwanza mstari mwembamba hujitokeza katikati ya ile sehemu angavu, na seli humiminika kupitia mstari huo na kujipanga katika tabaka tatu ambazo viungo vyote hutokana nazo. Kabla siku ya pili haijaisha, moyo umeanza kupiga. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alivunja mayai ya kundi moja siku baada ya siku na kuandika kwamba siku ya tatu aliona moyo kama tone la damu linalorukaruka. Mtu mwenye mayai na subira anaweza kuyaona hayo hata leo bila chombo chochote.

Siku hizo tatu za kwanza ndizo nyeti kuliko zote, na umeme ukipotea wakati huo hasara huwa ya kimya. Kugeuza mayai mara tatu hadi tano kwa siku, hadi siku ya 18, ni kwa sababu kiinitete huelea juu na kinaweza kugandamana na ngozi ya ganda. Siku ya saba yamulike mayai gizani kwa tochi. Lenye mishipa kama mizizi linaendelea. Lililo angavu kabisa halikurutubishwa, au lilikufa mapema mno. Ondoa hayo. Yakibaki humo yataoza, na moja likipasuka litayachafua mengine.

Bata na bata mzinga huchukua siku 28 hivi, kanga 26 hadi 28, kware 17 au 18. Wale waliofuga kware wakati biashara yake ilipovuma mwaka wa 2013, kisha bei ikaporomoka mwaka uliofuata, watakumbuka hesabu hiyo vizuri kuliko walivyotaka.

Nani alipe?

Turudi kwa yule mama aliyepata vifaranga tisa. Badala ya kubishana, yeye na mwenye mashine wayavunje mayai yote viza pamoja, siku ya 22, na wayapange kwa mafungu. Yaliyo na doa dogo lisilo na pete wala damu hayakupata jogoo: hilo ni la muuza mayai, na kawaida jogoo mmoja kwa kuku wanane hadi kumi hutosha. Yaliyo na pete ya damu yalikufa katika siku za kwanza. Hapo chanzo cha kwanza cha kuulizia ni umri wa mayai, mahali yalipowekwa na namna yalivyosafirishwa, ingawa mashine iliyopanda joto siku ya pili huua vivyo hivyo, kwa hivyo daftari la joto la mwenye mashine liwe mezani. Yaliyo na kifaranga kizima kilichokufa karibu na kutoka huelekeza kidole kwa mashine: unyevu, hewa, au kugeuza. Ofisi ya mifugo ya wadi inaweza kuombwa isaidie kusoma mafungu hayo ikiwa pande mbili hazikubaliani.

Ili ukaguzi huo uwe na maana, lazima kila yai liwe na tarehe. Iandike kwa penseli siku lilipotagwa, upande mpana, pamoja na alama ya mwenyewe. Wino wa kalamu hupenya kwenye vitundu vya ganda. Na kazi ya kuvunja mayai viza mwifanyie nje, mbali na jikoni, shimo la kuyafukia likiwa limeshachimbwa.